Siku Niliyomwigiza Mlinzi

Wiki iliyopita mkubwa wetu pale redioni aliweka kanda moja kuukuu mezani, akatuuliza swali lililonifanya niongee kuliko wote. Wasikilizaji wanaomba michezo ya kuchekesha ya enzi ya Zaire, na kanda bado zipo. Shida ni kwamba katika mchezo unaopendwa zaidi kuna mlinzi mwenye kigugumizi, na kichekesho kizima ni hicho kigugumizi. Je, turushe mchezo kama ulivyo, au tukate? Nilisema tukate. Nilipiga meza, nikasema mchezo ule ulimuumiza baba yangu, naye alikuwa mtu wa kigugumizi. Hakuna aliyebisha tena; nani abishane na marehemu?

Lakini wewe, rafiki yangu, nikueleze vizuri, maana pale mezani sikueleza yote.

Tuliishi Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, upande ambao moshi wa tanuru ulituletea kikohozi kila upepo ulipogeuka. Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya usafi, kila mtu na jembe au fagio lake, tukifyeka majani kando ya barabara huku mtu wa chama akipita kutukagua. Jumapili ilikuwa yetu. Mama alipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, pamoja na samaki wakavu wa Pweto ambao harufu yao ilifika kwa majirani kabla samaki wenyewe hawajaiva. Saa kumi redio yetu iliwekwa dirishani, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho, na kiwanja kikajaa. Majirani walikuja na viti vyao, fundi cherehani, Mwislamu wa Maniema, alikuja na kofia yake safi, na sisi watoto tulikaa chini kwenye mkeka.

Mlinzi wa mchezo alikuwa akimwona mwizi, anataka kupiga kelele, "Mwi-mwi-mwi...", na mpaka neno litoke, mwizi keshabeba kuku, sufuria na hata kiti cha mlinzi mwenyewe. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nikuambie ukweli: juzi nilipoisikiliza kanda ile peke yangu, nilicheka tena. Niliona haya hata mbele ya mashine.

Kwa kuigiza, hakuna mtoto wa kambi aliyeniweza. Redio haina picha, lakini mimi nilimtungia mlinzi wangu shingo ya kunyoosha, macho ya kutoka, na mkono wa kupiga paja ili neno lisukumike nje. Ule mkono sikuutoa redioni. Niliutoa kwa baba.

Posho ya kambi ilichukuliwa kantini: unga, mafuta, maharagwe. Kwa kawaida alikwenda mama, lakini mwezi ule alikuwa amejifungua, basi akaenda baba, nami nikamfuata na chupa ya mafuta. Ukifika kwenye dirisha la karani ilikubidi utaje namba yako ya kazi kwa sauti, kwa kuwa karani yule hakupenda kujisumbua kusoma kadi. Asubuhi nilimsikia baba nyuma ya nyumba akiirudia namba yake polepole, mara nyingi, na ilikuwa ikitoka vizuri.

Mbele ya karani haikutoka. Ilianza na sita. "Si-si-si..." Mama mmoja nyuma yetu akadakia, "Baba, mwizi alisha kupita!" Mstari mzima ukaangua kicheko. Wenzangu wa shule walikuwepo na mama zao, na wakaanza kunitazama mimi. Nilitaka kuwa upande wa wanaocheka, ndiyo yote. Nikatoka kwenye mstari, nikanyoosha shingo, nikatoa macho, nikapiga paja: "Mwi-mwi-mwi!" Karani alicheka mpaka akaegemea magunia. Baba alinitazama kidogo tu. Kisha akaweka kadi yake mbele ya karani, na karani akaisoma huku akijifuta machozi.

Njiani baba alibeba unga begani. Nilingojea kiboko mpaka nyumbani, na kiboko hakikuja, siku ile wala nyingine. Ila tangu hapo, kila mchezo ulipoanza, baba alikuwa na baiskeli ya kutengeneza nyuma ya nyumba. Maisha yangu yote nimejiambia kwamba ni mlinzi wa redioni aliyemfukuza.

Basi Jumamosi nilikwenda mtaa wa Kampemba, anakoishi mama sasa. Nilitaka aniunge mkono, nirudi kazini na neno la mjane. Alikuwa akichambua mchele, na nilipomweleza hakuinua kichwa.

"Baba yako alikuwa anapenda ule muchezo," alisema. "Ndjo yeye mwenyewe alikuwa anaweka redio ku dirisha. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Anasema, 'Ule mulinzi iko ndugu yangu.'"

"Sasa aliacha ju ya nini, mama?"

"Weye unayua." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Ile siku ya kantini alirudia ku nyumba, akaikala pa kitanda, pembeni ya mutoto muchanga. Akaniambia, 'Redio inachekaka batu bote. Lakini mutoto wangu alinicheka miye.' Na alisema yote muzima. Hata fasi moja, hata neno moja, hakukwama."

Jumatatu nilimwomba mkubwa wetu ayafute niliyosema. Wakate au wasikate, waamue kwa sababu zao, na sababu zipo, maana watoto wenye kigugumizi wapo hata leo na wenzao wana masikio. Baba yangu wasimtaje tena.

Kantini siku hizi ni ghala la simenti. Nyumba za kambi zimejengewa kuta ndefu, na sijui kama kuna mtu anayeweka redio dirishani ili jirani asikie. Kwenye kanda, kicheko cha watu waliokuwa studio kimehifadhiwa chote. Cha baba hakipo popote. Nakaa, nafumba macho, najaribu kumsikia akicheka mpaka anakohoa, kama mama alivyosema, na sisikii kitu.