Taa Niliyoila Bertrams

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nasema bila woga, maana mtu aliyekula taa akiwa na miaka tisa, akalamba na vidole, atashangazwa na nini tena? Nimeona gari lililokunjika kama chapati likiingia gereji yangu ya Jeppestown, hapa Johannesburg, likatoka linameta, mwenyewe akalipita mlangoni akiuliza gari lake liko wapi. Shule niliiacha njiani, sikatai. Lakini leo nina gereji mbili za kunyoosha bodi, ya pili iko Randburg, na vijana kumi na mmoja wananiita bosi. Wawili kati yao wana diploma.

Nyinyi mliokulia mitaa hii enzi zetu mtanielewa. Bertrams ile watu wa kila rangi ndio kwanza walikuwa wameruhusiwa kukaa mtaa mmoja, na sisi watoto tulikuwa tumeshachanganyika zamani kwenye gololi. Mpira wetu ulikuwa wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Jumamosi, uwanja wa Ellis Park ukinguruma, tulisubiri ule mngurumo ndipo tukafunga goli, tukajifanya maelfu wale wanatushangilia sisi. Leo mwanangu anacheza mpira kwa vidole gumba, kwenye kochi, na akimaliza anasema amechoka.

Baba alikuwa ametutoa Tanga tukafikia Jeppestown, familia mbili chumba kimoja, katikati shuka. Ukikoroma upande huu, upande wa pili wanakujibu. Baadaye akapata chumba cha uani kwa Anti Saro, mjane wa Kihindi, Mtamili, mzaliwa wa hapahapa Johannesburg. Chumba kilikuwa na bomba lake. Siku ya kwanza mama alishinda akilifungua na kulifunga, analitazama tu. Mkataba haukuwapo, karatasi haikuwapo, lilikuwapo neno la Anti Saro peke yake. Ndiyo maana kila asubuhi mama alitupa wimbo mmoja: "Nyumba ya kupanga, hata kukohoa uombe ruhusa."

Sasa, kila mwezi ulikuwa na siku moja ambayo Anti Saro hatii kitu kinywani tangu alfajiri. Ni siku ambayo mwezi unakutana na zile nyota ndogo zilizobanana kama watoto wanaoogopa mbwa. Alizitia alama kwenye kalenda nyuma ya mlango wa jikoni. Mara ya kwanza alipomwonyesha mama angani, mama alicheka. "Kumbe ni Kilimia," akasema. "Kwetu hicho ndicho kinachotuambia lini tushike jembe." Tangu hapo wakawa mtu na shoga yake, mmoja Kiingereza cha hapa, mwingine Kiswahili cha Tanga, na wanaelewana kuliko mimi na mke wangu.

Jua likizama Anti Saro anawasha taa sita na kumwomba Murugan, mungu wao ambaye, alivyotusimulia, alilelewa na mama sita. Mimi mwenye mama mmoja tu, na mgongo wangu ulikuwa haupoi, nilimhurumia sana mungu huyo.

Lakini zile taa, jamani. Ya kila siku ilikuwa ya shaba, inakaa kwenye kishubaka sebuleni na kunywa mafuta ya ufuta. Za siku hiyo zilikuwa kitu kingine. Alizifinyanga kwa unga wa mchele, sukari guru na iliki, akabonyeza shimo kwa kidole gumba, akajaza samli, akachomeka utambi wa pamba. Zikimaliza kuwaka zinaliwa. Kisha anazipanga kwenye sinia karibu na dirisha la jikoni, dirisha liko wazi, na harufu inatoka yenyewe kuja kututafuta uani. Niambieni ukweli. Mtoto amekula ugali na kabichi siku tatu mfululizo, unamwekea halwa yenye samli dirishani halafu unaiita taa. Mwenye kosa nani?

Na nilijitetea kidini kabisa. Mwalimu wa madrasa alitukataza kula kilichotolewa kwa miungu. Hii ilikuwa haijawashwa. Kwa hiyo ilikuwa bado chakula cha jirani, na jirani ana haki zake. Nikala. Utambi nikautema kwenye maua. Utamu niliusikia mpaka masikioni.

Anti Saro alipokuja na kibiriti akahesabu, akahesabu tena. Tano. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kwenye stuli akamweleza mama kwamba unga wa mchele umekwisha, duka limeshafungwa, na tangu mumewe afariki hajawahi kuruka hata mwezi mmoja. Bila ya sita haziwashi, na zisipowaka yeye hali. Midomo yake ilikuwa imekauka tangu asubuhi.

Baba akaingia kutoka kazini, akasikiliza, akasema ni panya. Aliposema panya akanitazama mimi. Hapo nikaliona lile shuka la Jeppestown linapepea mbele ya macho yangu. Tukijulikana, kwaheri bomba.

 Mama alinitazama mara moja, akaingia chumbani, akatoka na bakuli la unga wa sembe. Akausonga palepale kwenye jiko la Anti Saro, mgumu kama anawapikia wapagazi, akaufinyanga, akabonyeza shimo. Taa ya ugali. Baba akamvuta pembeni kumnong'oneza kwamba mambo haya ni mazito kwa dini yetu. Mama hakunong'ona.

"Nimetoa unga, Baba Shabani," akasema. "Sijatoa shahada."

Anti Saro aliigeuza ile taa mkononi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la sari. Kisha kibiriti akanipa mimi. Kati ya watoto wote waliojazana mlangoni, mimi.

"Washa ya mama yako," akasema.

Nikawasha. Zile tano za mchele zilipasuka pasuka, samli ikavuja, zikafa moja moja. Ya ugali ikabaki imesimama inawaka, maana ugali haujawahi kumwangusha mtu. Nikainama niipulize, Anti Saro akanishika bega. Taa haipulizwi kwa mdomo, akasema, inaachwa ipumzike yenyewe. Kisha akala, na sisi akatugawia.

Kuanzia mwezi uliofuata ya sita ilikuwa ya sembe, kila mwezi, kwa ombi lake. Tuliishi pale miaka kumi na moja. Panya aliwekewa mtego, akanasa baba, kidole gumba cha mguu.

Siku hizi nyumbani kwangu Randburg taa zinawashwa kwa simu. Umeme ukikatika wanangu wanaduwaa kama roboti, zile taa za kuongozea magari, zilizozima, "eish, Baba," hawajui hata kibiriti kinashikwa upande gani. Na ile taa wasingeila. Wangeipiga picha kwanza, mpaka ipoe, halafu waulize ina sukari kiasi gani. Nawapenda, lakini hawajawahi kutamani kitu mpaka wakakiiba.

Mwaka huu Anti Saro, sasa amepita themanini, akaamua kuhamia kwa binti yake Durban. Dalali mmoja alimtajia laki saba, aikate nyumba vyumba vyumba na kuweka mashuka katikati. Nilipoisikia habari hiyo sikulala. Mama yangu aliliacha jina lake zuri katika nyumba ile, Mungu amrehemu, halafu lile bomba lije kugombaniwa na watu ishirini? Nikavaa koti, nikaenda na gari langu jipya, nikasema laki sita na themanini elfu, siongezi. Akakubali pale pale. Nikajipongeza moyoni: Shabani, ulimi wako ni mali.

"Na tano juu," akasema.

"Tano gani, Anti?"

"Randi tano. Ya taa."

Nikamwambia ilikuwa panya, mtu mzima mimi, mvi kichwani.

"Panya yule alikuwa na utambi umeganda kwenye kola ya shati," akasema. "Mama yako aliuona kabla yangu. Ndipo akaenda kuchukua unga."

Nilikaa kwenye ile stuli. Kumbe miaka yote ile wawili wale walikuwa wanajua, na kila mwezi walifinyanga ya sita wakinitazama.

Nikapapasa mifuko. Enzi zile ungenitikisa ningelia sarafu. Leo nina kadi nne na simu mbili, sarafu hakuna. Nikatoka nje nikamwomba Mkongo anayelinda magari barabarani, akanikopesha, akacheka. Anti Saro akaiweka ile sarafu kwenye kishubaka, chini ya taa ya shaba, akasema sasa nyumba ni yangu.

Randi laki sita, themanini elfu na tano.