Mama Mkwe Aliyejiita Shantel

Jina la mama mkwe wangu sitalitaja hapa wala popote. Sie watu wa kusini, hata tukihamia Temeke tukazeekea humohumo, mkwe halitamki jina la mama wa mumewe. Na mtoto akipewa jina hilo, mie mzazi namwita "mama" mpaka kiama. Itoshe kusema ni jina la kizamani, rika moja na akina Mwajuma, Siwema na Tatu, enzi ambazo mtoto akizaliwa Ijumaa jina linajipa lenyewe.

Wajukuu wa kike alikuwa nao saba, na hakuna aliyerithi jina lake. Wa kwanza alipewa jina la kwenye filamu za Kihindi. Wakaja wa tamthilia za Kituruki. Wa saba alipewa jina refu mno, baba yake mwenyewe mpaka leo analisoma kwenye simu. Kila arobaini ya mtoto mama mkwe alipika, akauliza jina, akasema "Mashallah," kisha akaenda kukaa jikoni peke yake.

Basi mimba yangu ilipofika miezi sita nikamnong'oneza mume wangu: akiwa wa kike, Shantel. Mwanaume yule hana kifua! Kesho yake tu mama yake kajua. Ijumaa iliyofuata akapika pilau, akaita majirani na mjumbe wa mtaa, akasimama na dera lake jipya, akatangaza: "Kuanzia leo mie naitwa Shantel. Atakayeniita lile lingine simwitikii."

Mjumbe alicheka mpaka akapaliwa na pilau. Bibi kizee, meno ya mbele hana, eti Shantel! Mie sikucheka, maana nilielewa mara moja. Nikimwita mwanangu Shantel, nimemrithisha jina la bibi yake, na jina nililolichagua mwenyewe sitalitamka maisha yangu yote. Nilichukia, jamani. Nilichukia mpaka mtoto akapiga teke.

Mtaa ukazoea ndani ya wiki mbili. Muuza genge: "Shikamoo bibi Shantel, leo mchicha au matembele?" Vijana wa bodaboda wakamwita sista Shantel, naye anacheka na kujifunika khanga usoni.

Kasheshe ikawa zahanati, siku niliyomsindikiza kupima presha. Nesi akaita jina la kwenye kadi. Akaita tena. Mama mkwe anaangalia feni. Nikanyoosha kidole kumwonesha nesi kwamba ni huyu hapa. Akakishusha kidole changu, akakibana kwenye kwapa lake. Kadi ikarudi chini ya rundo, tukakaa mpaka saa nane mchana, mie na tumbo langu, miguu imevimba. Nikaropoka: "Mama, si unaitwa wewe!"

"Huyo anayeitwa hana mtu," akasema taratibu. "Watoto wangu wote wamemkataa. Nikifa, naye kwisha habari yake. Sasa si bora nimwache mie mwenyewe?"

Nilijifanya natafuta kitu kwenye pochi, na hasira zote nilizokuwa nazo sikuzikuta tena.

Nikajifungua salama, mtoto wa kike. Mume wangu alipokuja na fomu nikamwambia aandike jina la mama yake.

"Shantel?"

"Lile lingine, we mwanaume!"

Tuliporudi nyumbani na habari hiyo, mama mkwe akaja juu. "Jina la kibibi hilo! Mtoto atachekwa shule. Mnanikomoa?" Alizunguka uani akifoka, akarudi, akakaa kwenye mkeka, akampakata mtoto. Alimtazama weee. "Somo yangu," akamwambia, yaani mwenye jina kama lake. Kisha akanigeukia. "Fungua mlango wa nje, mkwe. Mwite."

"Mama! Mie nitalitamkaje jina lako?"

"Nimekuruhusu. Mwite kwa sauti, mtaa mzima usikie."

Nikafungua mlango. Nikaita. Ulimi ulikuwa mzito, na sauti haikufika hata barazani.

"Hujaita," akasema, machozi yanamdondokea mtoto kichwani. "Ita tena."