Miaka Yote Ameipa Picha Mgongo

Asubuhi haijakolea, naye ameshasimama kwenye ngazi za jumba la kale, mwavuli uliofungwa ameuinua juu ya kichwa. Mvua hakuna. Mwavuli ni wa kuonekana, watu wasipotee.

“Jamani, tusogee huku! Wenye magoti mabovu wapite upande wenye kishikio!”

Sauti inakwaruza. Anakohoa, anapiga funda la maji, anaendelea.

Wasafiri wanamwita Mama Mwavuli. Ni kiongozi wa misafara: huwachukua watu nyumbani kwao, huvuka nao mpaka kwa basi, akawatembeza nchi ya watu kutazama majengo ya kale na kazi za sanaa. Yuko katikati ya miaka ya hamsini. Watoto wamekua na kuondoka. Mume wake ni fundi friji. “Yule ananijua zaidi kwa simu,” anasema, akicheka kidogo.

Ratiba ya leo imejaa pomoni: jumba hili, nyumba ya ibada yenye kuba, daraja la mawe, makumbusho ya sanaa, na mwisho mnara wa saa, ambao ndio uliopamba tangazo la safari.

Ndani ya jumba, shingo zinapinda kutazama dari lenye nakshi za dhahabu. Yeye anaeleza nani alijenga na kwa nini. Nyuma mtu ananong’ona, “Dada, choo kiko wapi?”

“Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote,” ananiambia mimi mwandishi ninayefuatana na msafara, tukitoka. “Na ndilo ninaloweza kulijibu hata usingizini.”

Kufikia mchana miguu imemvimba. Amelegeza kamba za viatu, na kwenye basi anafumba macho hadi dereva anapomgusa bega. “Dada mkubwa, tumefika.”

Kwenye makumbusho mambo yanakwenda mbio, chumba hadi chumba. Mlangoni, wakati wa kutoka, anahesabu vichwa. Anahesabu tena. Hayupo kinyozi mstaafu, mzee mpole anayesafiri peke yake na ambaye siku zote ndiye wa mwisho kupanda basi.

“Mnara utafungwa!” analalamika mama mmoja mwenye kofia pana. “Mtu mmoja atuharibie safari wote?”

“Nivumilieni kidogo, mama. Siwezi kumwacha mtu ugenini.”

Anapanda ngazi upya, mkono kwenye ukuta. Anamkuta mzee kwenye benchi, mbele ya picha ndogo ambayo kundi lilishaipita: mwanamke dirishani, akitunga uzi kwenye sindano.

“Mzee wangu, tunakusubiri.”

“Samahani, mwanangu. Miguu imegoma.” Mzee hageuki. “Mama watoto alikuwa fundi cherehani. Alikuwa anafumba jicho moja hivyohivyo, na ulimi nje kidogo. Safari hii tuliipanga wawili.”

“Yuko nyumbani?”

“Tulimzika mwaka jana.”

Mama Mwavuli anaketi kando yake. “Nilikaa ili nimbembeleze ainuke,” anakumbuka. “Nikashindwa kuinuka mwenyewe.”

Picha hiyo ameieleza kwa makundi yasiyohesabika. Lakini leo, kwa mara ya kwanza, anauona ulimi wa yule mwanamke.

“Kazi yetu ni kuwatazama watu,” anasema. “Picha tunaipa mgongo. Nimeipa mgongo miaka yote hii.”

Wanaendelea kuitazama picha. Mzee anajifuta macho kwa kiganja. Baadaye Mama Mwavuli anamshika mkono, wanashuka pamoja polepole.

Mnara wanaukuta umefungwa. Watu wanapiga picha za lango, wamenuna. Mama mwenye kofia anapiga simu ofisini kabla basi halijaondoka, na jioni bosi anampigia Mama Mwavuli: msafara ujao atapewa mtu mwingine.

“Sikujitetea,” anasema asubuhi iliyofuata, kwenye meza ya hoteli, macho mekundu kwa uchovu. “Tuliwaahidi mnara, hawakuupata. Wana haki ya kukasirika. Lakini yule mzee ningemvuta mkono vipi?”

Mumewe alipopewa habari alimwambia kitu kimoja tu: njoo ulale.

Atalala, anasema. Kisha atakwenda ofisini na wazo ambalo alilieleza kwa bosi jana kwenye simu, bosi akacheka: safari ya jengo moja tu kwa siku. Watu waingie, wakae, watazame mpaka wachoke wenyewe. Asiyependa, misafara ya mbio ipo.

“Anasema hakuna atakayekuja. Nimemwambia kinyozi ameshaomba nafasi.”

Anasukuma kikombe pembeni, ananyoosha miguu chini ya meza.

“Na nafasi ya pili nimechukua mimi.”