Pikapu Mbili za Muthoka

Kazi ya Muthoka ilimfikia Syombua kwa simu, Jumatano asubuhi, akiwa amelala chali chini ya lori la mchanga kwenye uwanja wake pale Kimbo, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Mwaitu, mama, habari. Niko na pikapu mbili," mwanamume alisema. "Nataka waya zote zitolewe, ziwekwe mpya. Nimeambiwa wewe ndiye mama wa waya."

"Ni za zamani?"

"Za zamani kabisa. Na zinanguruma. Hata ukiziacha tu hivyo, zinanguruma."

"Kunguruma ni mambo ya mekanika. Mimi ni waya tu."

"Hata mimi nataka waya tu."

Syombua akataja elfu kumi na nne, kisha akanyamaza. Ndivyo alivyozoea: ukishataja bei, funga mdomo, mwache mwenzako aogope ule ukimya. Huyu hakuogopa. Alitaja elfu sita, naye akanyamaza. Walisikilizana wakipumua hadi dereva wa lori akainama kuangalia kama fundi bado yuko hai. Mwishowe walikutana kwenye elfu tisa, kila mmoja akiwa na hakika amemshika mwenzake.

Syombua alitoka chini ya lori akijipangusa mikono. Elfu tisa kwa pikapu mbili haikuwa bei kubwa, lakini gari mbili kwa mpigo ni kitu cha kuonekana na watu wa barabarani. Akamwendea Waleed, mchoraji wa mabango, jirani aliyekuwa na tabia ya kuanika kazi zake kwenye uwanja wa watu.

"Waleed, toa mbao zako. Kesho naingiza pikapu mbili."

"Rangi haijakauka, Mama Ndinda."

"Itakaukia kwako. Jua ni lile lile."

Waleed alizitoa akinung'unika. Bango la Syombua mwenyewe, lililoning'inia juu ya mlango, lilikuwa kazi ya mkono wake: SYOMBUA WA WAYA. LORI, BASI, PIKAPU. Na chini, kwa rangi nyekundu: HAKUNA WAYA INANISHINDA. Mstari huo wa mwisho Waleed aliuandika bila kuamini, na tangu siku hiyo alikuwa akisubiri waya utakaomshinda.

Tusimlaumu sana Waleed. Syombua hakuingia kwenye ufundi kupitia mlango wa chuo. Alipofika Thika kutoka Mwala alikuwa akinunua waya za magari yaliyokufa, kwa kilo, anazichoma na kuuza shaba. Siku moja fundi mmoja akamwomba waya za taa kabla hazijachomwa, akamlipa kwa waya za kujaza mkono mmoja zaidi ya shaba ya gunia zima. Syombua hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alizima moto, akanunua mita ya kupimia umeme, akaanza kujifunza ipi nzima na ipi imekatikia ndani. Kutoka kuuza waya mzima hadi kujua unakokwenda ni hatua fupi, ingawa ilimchukua miaka mitano.

Alhamisi, saa nne, uwanja ulikuwa mtupu na umefagiwa. Ikaingia bodaboda. Nyuma yake alikaa mzee mwembamba mwenye kofia, mgongoni mfuko mrefu mweusi, na spika ndogo ameibana kwa magoti.

"Ni mimi Muthoka, tuliongea. Natoka Theta."

"Karibu. Wapi pikapu?"

"Ziko hapa."

Alifungua mfuko, akatoa gitaa la umeme, jekundu, lililochubuka pale mkono unapokaa. Halafu akatoa soksi, na ndani ya soksi vidude viwili vya ukubwa wa kiberiti. "Hizi ndizo mpya. Za zamani ziko hapa, chini ya nyuzi. Ni sumaku imezungushiwa waya. Ndizo zinasikia nyuzi zikipigwa. Zinaitwa pikapu."

Syombua aliangalia soksi. Aliangalia uwanja wake uliofagiwa. Upande wa pili Waleed alikuwa ameacha brashi hewani.

"Haya, sasa tuongee bei upya," Muthoka alisema, kwa maana hata yeye alikuwa na macho, na alishaona matairi na betri pande zote. "Nilidhani wewe ni fundi wa magitaa. Elfu tisa ni ya gari."

"Tulisema pikapu ngapi?"

"Mbili."

"Hizo ni ngapi?"

Muthoka alizihesabu, kana kwamba zingeweza kupungua. "Mbili."

"Na waya zote. Sasa bei gani tena unataka kuongea?"

Waleed alicheka mpaka akakaa. Lakini Muthoka hakuwa mtu wa kuachwa hivyo. "Sawa, mwaitu. Elfu tisa. Lakini ikinguruma tena silipi hata mia. Jumamosi tunapiga harusi kule mtaa wa Landless. Mutiso, kiongozi wa bendi, ameniambia gitaa likilia kama nyuki mara nyingine, solo inaenda kwa Maluki. Mimi nitapiga ridhim, gitaa la kusindikiza. Miaka ishirini na mbili ya solo, nipige ridhim nyuma ya mtoto wa dada yangu."

"Na likinguruma," Waleed akadakia, "mimi naongeza kwenye bango. Bure. HAKUNA WAYA INANISHINDA, ISIPOKUWA YA GITAA."

"Ongeza," Syombua alisema. "Ikinguruma."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyefungua magitaa mia. Hakuwa amefungua hata moja.

Alilifungua palepale juu ya meza, na alichokiona kilimfurahisha. Waya zote za gitaa zingeingia kwenye mfuko wa shati. Kwa elfu tisa, alijiambia, hata dereva wa lori hajawahi kuibiwa hivi. Alichora kila waya kwenye boksi la maziwa kabla ya kugusa kitu, mweusi unakokwenda, mweupe unakotoka, kama alivyofanya kwa magari. Kisha akatoa pikapu na waya za zamani, akalehemu mpya, akabadilisha na vile vifundo vya kuongezea sauti. Ijumaa saa tano alikuwa amefunga skrubu ya mwisho. Muthoka, aliyerudi kulichukua, alichomeka waya kwenye spika.

Gitaa likanguruma.

Halikuwa limeguswa. Lilikaa tu mezani likinguruma kama basi linalosubiri abiria. Waleed alinyanyuka bila haraka, akaenda kutafuta kopo la rangi nyekundu.

"Ni ile ile," Muthoka alisema polepole. "Hata sauti ni ile ile."

Hapo ndipo Syombua alipoacha kuogopa. Pikapu mpya, waya mpya, na ngurumo ile ile ya zamani. Basi za zamani hazikuwa na kosa, na mzee alikuwa amepoteza pesa zake kwa kilichokuwa kwenye soksi. Hakumwambia. Mtu aliyekwisha kununua hapendi habari za namna hiyo, na pia zingeweza kugusa zile elfu tisa.

Aligusa chuma cha tundu la kuchomekea. Ngurumo ikafa. Akaachilia, ikarudi. Akagusa nyuzi. Haikusikia.

Akachukua mita. Kwenye gari, mguu mmoja wa mita ukiuweka kwenye betri upande wa hasi, mwingine unaweza kuuweka kwenye chuma chochote na mita italia, kwa sababu bodi nzima ndiyo ardhi, ndiyo njia ya umeme kurudi nyumbani. Aliweka mguu mmoja kwenye tundu, mwingine kwenye nyuzi. Mita ikakaa kimya.

"Mbao," Syombua alisema.

"Mbao nini?" Muthoka akauliza.

"Gari ni chuma, hii ni mbao. Mimi nimechora waya zilizokuwepo. Sikuchora ile haipo." Alilaza gitaa, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Kwenye pembe kulikuwa na tundu dogo lililoelekea chini ya kile chuma kinachoshikilia nyuzi, na ndani ya tundu, mabaki ya waya mweusi yaliyokatwa sawasawa, kama kwa mkasi. "Huu mwaka gani ulikatwa?"

Muthoka alivua kofia. Akainama, akatazama ndani.

"Kuliingia mende," alisema. "Nikafungua nisafishe. Nikaona kuna waya moja inaingia kwa mbao, haiendi mahali. Nikasema hii imekaa bure. Nikaitoa."

"Na kunguruma kulianza lini?"

"Baada ya mende."

Syombua hakucheka, kwa sababu anayemcheka mteja kabla ya kulipwa anacheka kwa gharama yake. Alilegeza nyuzi, akainua chuma, akapitisha waya mpya kwenye tundu, akaulehemu upande wa ndani na kuubana upande wa nje. Mita ikalia. Nyuzi zikakazwa. Muthoka alichomeka spika, akaweka vidole juu ya nyuzi bila kupiga.

Kimya. Kimya hadi wakasikia brashi ya Waleed ikidondosha rangi chini.

"Nilidhani imezimika," Muthoka alisema. Halafu akapiga. Solo ilipanda, ikashuka, ikageuka ikarudi, na mwanamke aliyekuwa akipita na mkungu wa ndizi alitingisha bega moja bila kusimama.

"Kwa hivyo shida ilikuwa nini hasa?" Waleed aliuliza, kwa uchungu wa mtu aliyekwisha kufungua kopo.

"Gitaa halikuwa na ardhi," Syombua alisema. "Lilikuwa likienda Landless, na lenyewe ni Landless."

Muthoka alicheka hadi akasahau kuomba apunguziwe, na alipokumbuka alikuwa amekwisha kulipa.

Jumamosi alasiri alipiga simu kutoka harusini, akaishika juu hewani ili fundi asikie. Syombua alisikia solo, na mahali solo ilipopumzika, alisikia watu wakishangilia bila nyuki yeyote kati yao. Alikata simu. Alikuwa na lori.

Waleed alikuja na brashi yake, amekubali yaishe. "Haya. Umeshinda. Niandike GITAA pale kwenye mstari wa pili? Kwako herufi ni shilingi hamsini tu."

"Gitaa ni herufi ngapi?"

"Tano."

"Hebu nisomee huo mstari wa pili."

Waleed alitazama juu, akasoma kwa sauti. "Lori, basi, pikapu."

"Si imeandikwa tayari," Syombua alisema, akarudi chini ya lori.