Samaki Mwenye Mayai Niliyempeleka Kasho

Bibi yangu anauza samaki tangu mbele ya kuolewa nami, na mimi ninashona suruali hapa Kamalondo. Naandika hivyo kwanza ili mtu asifikiri tulikuwa watu wa maandamano. Hatukuwa. Kama nitakosea mahali, ni juu sikufika mbali na masomo, na pia ile siku nilikuwa na woga mwingi, sikuona yote.

Mambo yalianza mvua ilipochelewa. Kila mwaka serikali inafunga uvuvi kule ziwa Moero wakati samaki wanazaa, kisha inaufungua. Ni jambo zuri, na wavuvi wengi wanalikubali. Lakini samaki hana kalenda, anangoja maji yapande. Safari hii mvua ilikuja nyuma sana, na uvuvi ukafunguliwa kwa tarehe ileile ya zamani. Bibi yangu akaanza kupasua samaki pale sokoni na kukuta matumbo yamejaa mayai. Jioni akifika ananiambia, "Papa, leo tena mayai." Mimi najibu, "Ee, mama," mguu wangu uko kwenye mashini ya kushona. Nilisikia maneno. Sijui kama nilimsikia yeye.

Kulikuwa kikundi cha vijana wanaosema juu ya hali ya hewa na miti na mito. Wengine wanasoma chuo, wengine wanatafuta kazi. Nilikuwa nafikiri wanapenda tu kupigwa picha, na kwa kweli mmoja ao wawili wanapenda. Lakini walikuja sokoni, wakakaa chini na wauza samaki, wakauliza, wakasikiliza. Walichotaka kilikuwa kifupi: kufunga uvuvi kufuate mvua, na mvuvi asaidiwe kula wakati anangoja. Wakakubaliana kwenda kukaa chini mbele ya ofisi moja ya jimbo, na kartoni zilizoandikwa. Bibi yangu akaenda nao, yeye na wauza samaki wenzake.

Nilimuuliza asubuhi ile, "Na wakikufunga?"

"Watafunga mama muzima juu ya samaki?"

Wakamfunga. Polisi waliwaambia watoke, hawakutoka, wakapandishwa kwenye lori. Sikuwepo. Mmoja anasema walisukumwa, mwingine anasema walipanda wenyewe. Bibi yangu anasema yote mawili ni kweli, inategemea ulikaa upande gani.

Nilipopata habari sikufikiri juu ya sheria wala samaki. Nilifikiri juu ya sukari yake. Ana ugonjwa wa sukari, na kidonge chake lazima anywe akiwa amekula. Mara moja alichelewa kula, akaanguka pale sokoni katikati ya mabeseni, na wenzake wakafikiri amekufa. Kasho, kile chumba cha polisi cha kufungia watu, haina jiko. Chakula cha aliyefungwa kinatoka nyumbani kwake, na nyumbani kwetu nilikuwa nimebaki peke yangu. Watoto wote wameolewa na kuoa, wako Kolwezi na Likasi.

Basi nikapika. Nilikwenda sokoni kwanza. Wauzaji ninaowajua walikuwa wamepandishwa lori pamoja naye, nikanunua kwa mama mmoja nisiyemjua. Aliinua samaki, akamgusa tumbo. "Baba, huyu eko na mayai. Angalia vile amejaa."

Nikafurahi. Lazima nieleze kwa nini. Nyumbani kwetu samaki akipatikana na mayai, yanawekwa kwenye sahani yangu. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa ni hivyo. Sikuomba, alianza mwenyewe, nami nikazoea. Ile siku nikasema moyoni, leo ni zamu yake. Nikamchagua samaki mwenye tumbo kubwa kuliko wote. Yule mama hakunidanganya hata kidogo: uvuvi ulikuwa wazi, na yeye pia ana watu wa kulisha.

Pale kasho wenye kuleta chakula walikuwa wamesimama mulongo, mmoja nyuma ya mwingine, wote wanawake. Mmoja akaniangalia, na chombo changu kimefungwa katika kitambaa.

"Papa, umepotea. Hapa ni ya bamama."

"Naletea bibi yangu."

"Aba. Njo weye ulipika?"

"Njo mimi."

"Funika muzuri basi, bantu basione ile bukari."

Wakacheka, na mimi nikacheka, nikakaza kitambaa. Bukari yangu, yaani ugali, ilikuwa na mabonge, ni kweli.

Polisi wa mlangoni akafungua kifuniko. Pale mwenye kuleta anaonja kwanza, kuonyesha kwamba hakuna sumu. Nikakata bukari, nikachovya kwenye mchuzi, nikameza.

"Onja na mayai," akasema.

"Shefu, hayo ni ya bibi."

"Kama haina kitu, unaogopa nini?"

Yule mama nyuma yangu akasema, "Shefu, umuache. Inaonekana njo siku ya kwanza anapika."

Nikachukua kidogo sana kwa ncha ya kidole. Yule polisi hakuwa mtu mbaya. Aliniletea hata benchi, akasema tukae bibi yangu akitoka.

Alitoka na kijana mmoja msichana wa kile kikundi, wameshikana mkono. Bibi yangu hakuwa na kitambaa chake cha kichwa. Midomo ilikuwa mikavu. Nikauliza kama amekunywa dawa, akasema, "Na chakula gani?" Akakaa, akafungua chombo.

Akakunja uso. Nikafikiri ni juu ya mabonge.

"Ulinunua wapi?"

"Sokoni."

"Ulichagua weye mwenyewe?"

"Nilichagua. Nilitafuta mwenye mayai."

Hapo ndipo nilisikia nilichosema. Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Mwanamke alikaa chini mbele ya ofisi juu ya mayai yale, akafungwa kasho juu ya mayai yale, na mimi nimemletea yaleyale, nimeyapika na nyanya.

Msichana akasema polepole, "Mama, usimukule huyu."

"Mwanangu, weye hauna sukari," bibi yangu akajibu.

Nikamwambia, "Kula. Nitaleta kingine, lakini sasa kula." Nilikuwa naangalia midomo yake tu. Kama mtu angeniambia siku ile nichague kati ya samaki wote wa Moero na kidonge kimoja, nisingefikiri. Labda hiyo si haki kwa wale vijana. Naandika vile ilivyokuwa.

Alikula bukari kwanza, kavu. Halafu akaanza nyama ya samaki, polepole, anatoa miiba anaiweka pembeni. Akanywa kidonge, na nikapumua. Lakini mayai aliyasukuma kwa kidole gumba mpaka kando ya chombo, mazima, bila kuyavunja. Akafunika. "Peleka nyumbani."

Njia yote mpaka Kamalondo nilikuwa nafikiri. Ameyakataa, ili nijue nilichofanya? Ao ameniachia, kama siku zote, sehemu ya bwana? Mkono wake ulifanya vilevile unavyofanya mezani kwetu. Nilijaribu kumpa haki kila upande, sikufika popote. Kuyala sikuweza, kuyatupa sikuweza. Nikaweka chombo juu ya meza, nikakifunika na sahani.

Kesho yake waliachiliwa wote, wakaambiwa wasirudi pale. Alifika nyumbani, akaoga, akaona chombo. Kilikuwa kimeanza kunuka.

"Haukukula?"

"Sikujua kama ni yangu."

Akaweka kifuniko pembeni. "Hata mimi sikujua," akasema. Halafu akaenda kuyamwaga katika shimo nyuma ya nyumba, akasugua chombo na majivu, mara mbili, kwa sababu harufu haikutoka. Alipomaliza akanieleza tena habari ya mpumbu, samaki ambaye mama mkwe wangu alikuwa anauza, aliyekuwa anapanda mto wakati wa mvua. Alivuliwa na mayai ndani, mpaka bibi yangu, alipoanza biashara, hakupata tena wa kuuza. Safari hii mashini ilikuwa imesimama.

Uvuvi bado uko wazi, na matumbo bado yamejaa. Ofisi imesema itaangalia. Labda inaangalia kweli. Wiki hii bibi yangu na wale vijana wanataka kurudi kukaa palepale. Sijamwambia aende, sijamwambia abaki. Sijui ni lipi lingekuwa la haki. Kidonge nimekifunga katika kipande cha kitambaa, nikakishona ndani ya mfuko wa koti lake. Na maharage nimeyaloweka, kama itabidi nipeleke chakula tena.