Damu ya Ukoo wa Mumbua

Mama yangu, Mumbua, hajui kwenda peke yake penye jambo la heri. Huuza muthokoi hapa Kabiro, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na maharagwe, na siku watafiti walipokuja kutafuta watu wa kutoa damu kwa uchunguzi wa presha, alifunika sufuria akaanza kugonga milango ya ukoo. Miguu yake huvimba, lakini nani angemzuia? "Mkono mmoja haulei mwana," alisema. Akawaleta dada zake, binti zao, hata shangazi wa Laini Saba. Binamu yake Ndululu, mwanamume pekee aliyepatikana, anaogopa sindano. Alikokotwa kama mbuzi wa Krismasi.

Dada mkubwa wa Mama alikufa kwa presha akiwafulia watu nguo. Mama alitaka damu yake isaidie kabla ugonjwa haujawafikia wajukuu. "Nyinyi watu wa kompyuta mtaona," aliniambia, maana kuchambua data hiyo ndiyo kazi yangu.

Kusema kweli, kazi yenyewe imenichosha. Presha haina kinasaba kimoja cha kulaumiwa. Ni maelfu, kila kimoja kinatia chumvi kidogo tu kwenye mchuzi, ndiyo maana kompyuta hulinganisha watu wengi wasio na undugu. Ukiijazia ukoo mmoja, itadhani kila kitu wanachofanana ndicho kinacholeta presha. Kwa hiyo huondoa jamaa, na mwenye jamaa wengi zaidi huondoka kwanza.

Majina hayapo, ni namba tu. Lakini ile namba ya Kabiro iliyoshikamana na nyingine nyingi vile ingekuwa ya nani? Niliitazama ikifutwa nikaumia, na nikaogopa kurudi nyumbani.

Jioni nilimkuta kwenye stuli, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nikamweleza yote.

"Kumbe ningeenda peke yangu ningehesabiwa?"

"Pengine, Mum."

"Na kwetu amebaki nani?"

"Mwanaume mmoja tu."

"Ndululu!" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akainua mguu mmoja kutoka majini na kuubonyeza kwa kidole. Shimo la kidole lilibaki pale pale kwenye ngozi. Tukalitazama sote wawili.

"Na presha yangu, Muia? Hiyo pia wameitoa?"