Ukuta Wenye X Nyekundu

Shangazi yangu anaishi Tabora mjini, kwenye nyumba ya tofali za udongo aliyoachiwa na baba yake, kando ya barabara ambayo zamani ilikuwa njia ya misafara. Wakubwa wa ofisini wakishika kipaza sauti hawaachi kuitaja hiyo historia. Wapagazi walipita hapo miaka na miaka na mizigo kichwani bila kuuhitaji ukuta wa shangazi. Hao wakubwa, wenye magari ya viyoyozi, ndio wakauhitaji.

Walikuja vijana na kopo la rangi. Mmoja akapiga X nyekundu ukuta wa mbele, kubwa, mbaya, rangi ikachuruzika hadi kibarazani. Wala shikamoo hakutoa. Akasema barabara itapanuliwa, tathmini itafanyika, fidia italipwa, na kuanzia siku ile shangazi asiongeze kitu wala asikarabati. Wakapanda gari wakaenda zao.

Mwingine angewapuuza. Shangazi yeye kakua akijua serikali ikisema imesema, na hilo huwa linanipandisha damu. Ilipokaribia Idi alimwambia fundi apake chokaa ukuta mzima, ila X aizunguke, isije ikaonekana anaificha. Chokaa si ukarabati, alinieleza, kama vile mimi ndiye ofisa.

Mvua zikaja. Ukuta wa chumba cha nyuma, anacholala, ukaanza kumeguka kwa chini. Nikamwambia niite fundi, ni kazi ndogo tu.

"Wameshakataza," akasema. "Unataka nikose fidia, au nifungwe uzeeni?"

Nikaenda ofisini. Bwana mmoja mwenye tumbo lake, sambusa mkononi, akaniambia nivute subira, suala liko kwenye mchakato. Alilitamka kwa raha hilo neno, huku anajifuta mafuta vidoleni. Mvua zikaendelea, mchakato haukuonekana, ukuta ukalala chini pamoja na dirisha lake. Shangazi akahamishia kitanda sebuleni, kule nyuma akaziba kwa turubai.

Baadaye sana akaja ofisa mwingine, viatu vinang'aa. Shangazi akampa kiti na chai ya tangawizi, maana ndivyo alivyo. Akainywa yote, kisha akatupa habari kwa uso mkunjufu: ramani imebadilishwa, barabara itapita upande mwingine.

"Kwa hiyo mama uko huru. Nyumba yako haimo tena."

Nikamuuliza waliamua lini. Akasema ni muda kidogo. Nikamuuliza nani analipa chumba kilichoanguka. Akatabasamu, yule bwana, akanifundisha taratibu kwamba serikali haikuchukua ardhi, haikugusa hata tofali moja, ukuta umeangushwa na mvua.

"Na kwani nani aliwazuia msikarabati?"

Nikamwonyesha X. Akasema siku hiyo hakuwepo. Hawa watu siku ya kupaka rangi wamejaa tele, siku ya kujibu hakuna hata mmoja aliyekuwepo. Nilimdharau mpaka kiatu chake, na sikuficha. Shangazi akanifinya nisimvunjie mgeni heshima. Kisha akamuuliza kwa upole, "Baba, na hii alama utaifuta?"

Akasema ametumwa kutaarifu, hakutumwa kufuta. Akaaga.

Nilitaka twende kwa wakili. Shangazi akaapa hawezi kushtakiana na serikali, na aliyemwapisha hivyo mpaka leo simjui.

Basi alipokwenda msibani Urambo nikaleta fundi. Tukausimamisha ukuta, tukaweka dirisha jipya, kitanda nikakirudisha mahali pake. X niliipiga chokaa mara mbili, na bado ilichungulia kidogo.

Aliporudi aliizunguka nyumba. Akafika mlangoni mwa chumba chake, akashika fremu, asiingie. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama nimeshawaomba ruhusa ya yeye kulala humo.